Nepenthes mpya, vibuyu vinakauka kimoja baada ya kingine. Nianzie wapi?

baraza_ntinda
Habarini wapenda mimea. Siku tisa zilizopita nimepokea Nepenthes, ule mmea wa vibuyu unaokula wadudu. Ulitoka Nairobi kwa basi, siku mbili ndani ya boksi. Sasa uko Ntinda, Kampala, kwenye baraza inayotazama magharibi.

Una majani manane na vibuyu sita, vya kijani chenye wekundu mdomoni, vimebanwa katikati kama kiuno. Vinne vimekauka, ukavu umeanzia kwenye kifuniko ukashuka. Viwili vichanga vimekuwa vyeusi kabla ya kufunguka. Majani mawili ya juu yana mabaka ya kahawia upande wa jua. Katikati kuna jani jipya limejikunja, bado kijani. Chungu ni cha plastiki, sentimita 12, ndani kuna kitu cha kahawia chenye nyuzinyuzi, kimelowa chepechepe.

Muuzaji alisema nimwagilie kila siku na chungu kikae kwenye sahani ya maji. Natumia maji ya bomba niliyochemsha. Je, nihamishie chungu kikubwa? Nikate vibuyu? Niweke mbolea?

mtego_wa_majani (Entebbe)
Pole ndugu. Mbolea hapana, kabisa. Hayo mengine yanategemea hilo jani la katikati: maadamu ni kijani na halijalegea, mmea u hai na unachokiona ni majeraha ya safari. Vibuyu visikutishe. Kibuyu ni ncha ya jani iliyovimba. Kikishakauka hakirudi, ila jani lenyewe linaendelea kuulisha mmea kwa miezi mingi. Kwa hiyo usikate jani la kijani hata kama kibuyu chake kimekufa. Kata sehemu kavu tu, kwa mkasi uliofutwa kwa spiriti. Kibuyu ambacho nusu ya chini bado ni kijani kiache, bado kinameng'enya. Kama maji yake yalimwagika njiani, rudishia maji ya mvua hadi robo ya kimo chake, usijaze. Vilivyokauka kabisa visiwekewe kitu, vitaota kuvu.

Kwa maelezo ya kiuno hicho, inaelekea ni N. × ventrata, chotara wa N. ventricosa na N. graciliflora, wote wa Ufilipino. Una bahati, huyu ni mvumilivu na hali ya Kampala inamfaa: mchana nyuzi 27 au 28, usiku 17 hivi.

Baraza ya magharibi ndiyo kosa la kwanza. Jua la kuanzia saa nane mchana linakuja pamoja na joto la siku nzima, na mmea uliotoka gizani siku mbili hauna kinga. Hamishia upande wa mashariki upate jua hadi saa nne asubuhi, kisha mwanga bila jua. Dirisha la kaskazini au kusini linahitaji uangalifu kwetu hapa ikweta: Juni jua linaingia la kaskazini, Desemba la kusini, kwa hiyo mahali palipokuwa salama mwezi mmoja panaweza kuunguza miezi sita baadaye. Jifunze pia kutofautisha: wekundu uliotandaa jani zima ni mmea kujikinga, hauna neno, baka kavu kama karatasi ni kuungua.

Ukavu ulioanzia kwenye kifuniko ni alama ya hewa kavu. Chukua kaveera (mfuko wa plastiki) kubwa inayopitisha mwanga, isimamishe kwa vijiti vitatu isiguse majani, uache chini wazi kidogo. Muda wote wa kaveera mmea usipate jua hata la asubuhi, utapikika humo ndani. Wiki ya kwanza funika usiku na mchana. Ya pili, funua usiku tu, kwa sababu usiku hewa ina unyevu zaidi na mmea haushtuki ghafla. Ya tatu, funua pia asubuhi na jioni. Saa za adhuhuri ziwe za mwisho kuachiwa. Ukiona kuvu ya kijivu kwenye vibuyu vikavu, toboa matundu siku hiyohiyo.

kokopiti_mukono
Nakubaliana na yote, ila kaveera juu ya chungu chepechepe ni kukaribisha uozo. Ondoa sahani leo. Nepenthes anataka udongo wenye unyevu na hewa, si kinamasi. Ile desturi ya kukalisha kwenye maji ni ya mimea mingine inayokula wadudu, kama Sarracenia, na wauzaji wengi huchanganya.

Halafu mimi ningebadilisha udongo mara moja. Hizo nyuzi ni kokopiti, yaani nyuzi za maganda ya nazi, na kokopiti isiyooshwa hubeba chumvi. Mchanganyiko wangu: kokopiti iliyooshwa sehemu 2, maganda ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita moja sehemu 1, perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi vya kupitisha hewa) sehemu 1. Ukikosa perlaiti, yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ya kutoka Kisoro, yanafaa sana. Yaponde yawe kama punje za mahindi na yaoshe vumbi lote. Usitumie udongo mweusi wa bustani, samadi, wala majivu. Kokopiti iloweke saa 24, ikamue, mwaga maji, rudia mara tatu.

Kabla hujagusa mizizi, jua hili: mizizi ya Nepenthes kwa asili ni myeusi, myembamba na hukatika upesi. Watu huikata wakidhani imeoza. Iliyooza hulegea, ngozi yake huteleza ukiivuta, na hunuka.

mtego_wa_majani (Entebbe)
Hapo kwenye kubadilisha mara moja natofautiana nawe. Mmea uliokwisha poteza vibuyu ukiuvunjia na mizizi, unauongezea wiki sita za kusimama. Kama hakuna harufu ya uozo, ungoje majani mawili mapya. Tupime kwanza, tusikisie. Ndugu wa Ntinda, una kipimo cha TDS, kile cha kupima chumvi iliyoyeyuka majini kwa ppm (sehemu kwa milioni)?

baraza_ntinda
Nimeazima kwa jirani anayefuga samaki. Maji ya bomba 68, yaliyochemshwa 75, yanayotoka chini ya chungu 340. Hakuna harufu mbaya. Mizizi iliyotokeza kwenye tundu ni myeusi, lakini migumu.

mabati_na_mvua (Jinja)
340 hiyo ndiyo habari yenyewe. Maji yako si mabaya, chumvi imo chunguni, na sahani ilizuia isitoke. Mizizi migumu isiyonuka haidai kuhamishwa leo, inadai kusuuzwa.

Chungu cha sentimita 12 hubeba takriban lita moja. Mimina lita 3 za maji ya mvua juu, polepole, kwa muda wa nusu saa, yote yatoke chini. Pima matone ya mwisho. Yakizidi 100, rudia kesho kutwa. Yakishuka chini ya hapo, acha chungu kichuje, ndipo ufunike kaveera. Yakigoma kushuka baada ya mara tatu, hapo fuata ushauri wa Mukono na ubadilishe udongo, chungu kisizidi sentimita 15.

Kuchemsha hakuondoi chumvi, kunaua vijidudu tu, na mvuke unavyopotea kinachobaki huzidi kukolea. Ndiyo maana ulipata 75. Ya mvua ndiyo bora: acha dakika kumi za mwanzo zioshe vumbi la mabati, kisha kinga kwenye ndoo au tangi la plastiki. Tangi la saruji hutoa chokaa. Mvua ikikatika, bomba lako la 68 litakufaa, ila suuza chungu hivyohivyo kila mwezi. Maji ya chupa yaliyoandikwa kuwa na madini usiyatumie.

Kumwagilia si kwa kalenda. Inua chungu: kikiwa chepesi na juu pamefifia rangi, mwagilia hadi maji yatoke chini. Ndani ya kaveera inaweza kufika siku tano bila kuhitaji. Na chunguza kwapa za majani kila wiki, vidung'ata weupe kama pamba hujificha hapo. Wafute kwa kijiti chenye pamba na spiriti. Mmea mpya ukae mbali na mingine kwa mwezi.

Kulisha kungoje kibuyu kipya kifunguke. Nje barazani sisimizi watajileta wenyewe. Msimu wa nsenene (panzi wanaoliwa) usiulishe waliokaangwa, chumvi na mafuta huua kibuyu. Na mbichi mzima ni mkubwa mno, ataozea humo kabla hajameng'enywa. Kumbikumbi mmoja aliyeondolewa mabawa anatosha kwa kibuyu kimoja, kwa wiki tatu au nne. Nyama, kamwe.

baridi_ya_kabale
Nyongeza kwa wasomaji wa milimani. N. × ventrata huvumilia usiku wa nyuzi 12, hukua polepole tu. Lakini ukiuziwa N. ampullaria, N. bicalcarata au N. rafflesiana, hao ni wa tambarare zenye joto. Usiku wetu utawadumaza, na hakuna kaveera wala maji yatakayowaponya. Ulizeni jina kabla ya kulipa.

baraza_ntinda
Nimesuuza mara mbili, sasa matone ni 90. Mmea uko mashariki, kivulini, chini ya kaveera. Ningoje nini?

mtego_wa_majani (Entebbe)
Jani la katikati lifunguke ndani ya wiki tatu hadi tano. Huenda likaja dogo na kibuyu chake kikafa kikiwa tone, usibadilishe chochote kwa ajili hiyo. Tazama jani la pili. Kikono cha ncha yake kikianza kupinda kwenda juu na kuvimba, usiuhamishe mmea wala kuzungusha chungu mpaka kifuniko kifunguke.