Lenzi ya kuvuta mbali kwa Canon 250D: 75-300, 55-250 au nijikaze nichukue 150-600?

mpigaji_mpya

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nina kamera ya Canon 250D na ile lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo. Napenda sana kupiga mechi za mpira za watoto na pia ndege, hawa wadogo wadogo wanaotua kwenye vichaka. Sasa kwa 18-55 mchezaji akiwa upande wa pili wa uwanja anaonekana kama sisimizi, ndege ndo kabisa usiseme. Nimeziangalia 75-300 III, 55-250 STM na 70-300 IS II, halafu kuna mtu kaniambia hizo zote niachane nazo nijikaze nichukue Sigma au Tamron ya 150-600. Mimi moyo ulikuwa kwenye 75-300 maana ndo ya bei ya chini na inafika 300, na muuzaji kaandika zumu 4x. Si 300 inaizidi 250 jamani? Napiga kwa mkono tu, tripodi sina, na mechi nyingi zinaisha jua linazama. Nisaidieni.

mwanga_kwanza

Karibu sana mkuu. Hiyo 75-300 III iache, nakwambia kwa nia njema kabisa. Haina IS, yaani ndani hakuna kitu cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na ukiivuta mpaka 300 picha inalainika na pembeni ya vitu vyeupe unaanza kuona mstari wa zambarau. Kwa mtu anayepiga kwa mkono ndo lenzi ya mwisho kabisa ningemshauri.

Hiyo 4x isikusumbue kichwa, ni 300 kugawa kwa 75 basi, haisemi inavuta mbali kiasi gani. Hata 18-55 yako ni 3x. Wewe angalia milimita za mwisho.

Sasa 250 na 300. Chukua ndege wa sentimita 15 ametua mita 10 kutoka ulipo. Kwa sensa ya 250D (kile kipande kinachonasa picha), ukiwa 250mm fremu yako inameza upana wa kama sentimita 89, kwa hiyo ndege anachukua karibu sehemu moja ya sita ya picha. Ukiwa 300mm fremu inameza sentimita 74, ndege anachukua moja ya tano. Umeona tofauti ilivyo ndogo? Hatua mbili tatu za kumsogelea zinakupa kilekile. Ukiwa 600mm ndo mambo yanabadilika, fremu inabaki sentimita 37 na ndege anakaa asilimia 40 ya upana.

Na kabla hujanunua chochote fanya jaribio hili, ni la bure. Nenda uwanjani na 18-55 yako, iweke 55, simama pale unaposimamaga siku zote, piga. Rudi kwenye kompyuta ukate kipande cha katikati chenye upana wa pikseli 1320. Hicho ndicho 250mm itakachokuonyesha. Ukikata 1100 ni 300mm, ukikata 550 ni 600mm. Kipande hakitakuwa safi maana umekikuza, ila utajua mchezaji anajaa fremu au hajai, na hutakuwa unabahatisha tena.

kichakani

Kaka hapo juu kaongea vizuri ila mimi niongezee upande wa ndege maana ndo nilipo. Ndege wadogo 250 haitoshi, tuambizane ukweli, utakuwa unakata kata picha kila siku. 150-600 ndo lenzi ya ndege kwa mtu wa kawaida, LAKINI usiinunue kwa kuangalia namba tu. Ile Sigma ya Contemporary ni karibu kilo 2, Tamron G2 nayo hivyohivyo, na Sigma ya Sports inakaribia kilo 3. 55-250 STM ni gramu 375 tu, ukiiweka kwenye begi unaisahau. Kilo 2 ukiishikilia mkononi unasubiri ndege atoke kichakani mkono unaanza kutetemeka kabla yake hajatoka, kwa hiyo hesabu na monopodi (mguu mmoja wa kushikilia kamera) hapohapo, hiyo ni sehemu ya bei.

Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi ni joto. Mchana jua likiwaka hewa juu ya ardhi inacheza, na ukipiga kitu kilicho mbali kwa 600mm picha inatoka imeyeyuka hata fokasi iwe sahihi na lenzi iwe ya gharama gani. Watu wanailaumu lenzi bure. Dawa ni kupiga asubuhi mapema au kusogea, hakuna nyingine. Kusogea kwenyewe kunafundishika, ukikaa chini kimya karibu na tawi ambalo ndege analirudia rudia wanakuzoea na wanakuja wenyewe, hapo hata 250 inatoa picha ya maana.

Kwa mpira wa watoto 150-600 ni balaa, wakija karibu na wewe 150 tayari ni nyingi, unabaki unapiga magoti na viatu.

mpigaji_mpya

Asanteni sana wakuu, hilo jaribio la kukata picha nalifanya wikiendi hii. Swali, kwani hii IS ndo itanisaidia jioni mwanga ukipungua? Na je nikinunua iliyotumika naangalia nini?

mwanga_kwanza

Hapa tulia kidogo maana ndipo watu wengi wanapokosea. IS inatuliza mkono WAKO, haimtulizi mchezaji. Kanuni ya zamani ni kwamba spidi ya shata (sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka kupiga) isishuke chini ya moja kwa milimita zako, na kwa sensa yako ndogo unazidisha 1.6, kwa hiyo kwenye 250mm bila IS unahitaji kama 1/400. Ukiwa na IS nzuri unaweza kupiga mti au ndege aliyetulia kwa 1/50 ikatoka kali. Lakini mtoto anayekimbia kwa 1/50 atatoka ukungu tu hata kamera uifunge kwenye nguzo. Mpira unataka 1/500 kwenda juu, mimi huweka 1/1000.

Sasa 1/1000 jioni inataka mwanga, na mwanga unaletwa na ile namba ya f, yaani apecha, tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa. 55-250 na 70-300 zote zinaanza f/4 ila ukivuta mpaka mwisho zinashuka f/5.6. Lenzi ya 70-200 f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Maana yake pale ambapo wewe unalazimika kupanda ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400, mwenye f/2.8 yuko 1600. Ndo maana mapaparazi wa viwanjani wanazibeba japo ni nzito, ile ya Canon toleo la III ni karibu kilo moja na nusu, na bei yake siyo ya kuanzia kabisa. Kwa wewe sasa hivi ushauri wangu ni kupiga nusu saa za mwanzo za mechi kwa nguvu zote, na jua likishuka usivute mpaka 250, rudi kwenye milimita za chini ambako apecha bado imefunguka, kisha kubali ISO ipande. Picha yenye chembechembe inaangalikika, iliyotikisika inafutwa.

Kwenye orodha yako mimi naenda 55-250 STM. 70-300 IS II ni nzuri kweli, mota yake inafokasi haraka zaidi, ila ni gramu 710 na kinachoongezeka ni milimita 50. Kama mpira ndo unapiga zaidi na hela ipo, ichukue. Kama siyo, hapana.

tochi_na_kioo

Kuhusu iliyotumika. Washa tochi ya simu, ielekeze nyuma ya lenzi huku unachungulia kwa mbele. Vumbi mbili tatu usijali, halionekani kwenye picha. Unachotafuta ni fangasi, unakaa kama nyuzi za buibui au matawi madogo, ukiuona rudisha lenzi hata kama bei ni ya kutupa. Zungusha zumu mwanzo mwisho usikilize kama inakwaruza. Weka kwenye kamera YAKO siyo ya muuzaji, piga kwa apecha iliyofunguka kabisa kisha f/8, hakikisha inafokasi karibu na mbali, na IS unaisikia inavuma kidogo ukibonyeza nusu.

Maunti, pale lenzi inaposhikana na kamera, nayo angalia. 250D inakubali lenzi za EF na EF-S, ila RF, zile za kamera za R zisizo na kioo, haiingii kabisa, kwa hiyo mtu asikuuzie ile RF 100-400 akakwambia ni Canon tu. Kinyume chake kinawezekana, ukihamia kamera za R hii EF-S yako utaitumia kwa adapta. Na hivi vizidishio vya 1.4x na 2x vya kuongeza milimita sahau, ile ya Canon haiingii hata kwenye 55-250 wala 70-300, na zinakula mwanga juu yake.

Wale wenye Nikon mnaosoma hapa, AF-P 70-300 ni tamu ila kwenye kamera za zamani kama D3100 na D90 haifokasi, msikurupuke.

mpigaji_mpya

Wakuu nimerudi. Nimefanya lile jaribio, kwenye kile kipande cha 1320 mchezaji wa katikati ya uwanja anajaa zaidi ya nusu ya urefu wa fremu, kinanitosha kabisa. Ndege bado wadogo ila nitakaa chini kichakani kama nilivyoelekezwa, 150-600 nitaifikiria nikishajua ndege ndo napenda zaidi. Naenda na 55-250 STM iliyotumika, nimempata muuzaji aliyekubali niijaribu kwenye kamera yangu. Filta ya UV (kile kioo cha kukinga mbele ya lenzi) ninunue?

tochi_na_kioo

Ya bei rahisi hapana, inaua ukali wa picha kwenye milimita ndefu na taa zikikupiga kwa mbele unapata madoa. Nunua hudi (ile kofia ya mbele ya lenzi), inaitwa ET-63, inakinga jua la pembeni na ukigonga kitu inaanza kuumia yenyewe. Siku ukitaka filta ya maana, saizi ni 58mm.

kichakani

Na kwa ndege weka AI Servo (fokasi inayomfuata akisogea) na picha mfululizo, ukiacha One Shot (fokasi inayojifunga mara moja) akiruka tu umemkosa.