Mada: Kompyuta ndogo inakokota, niihamishie Linux?

Kutoka: Mama wa Bel-Air
Jumapili usiku

Ndugu zangu Watanzania wa Lubumbashi, habari za jioni.

Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina laptopu ndogo ya inchi 11, niliinunua hapa mjini, mtumba wa Ubelgiji. Ina RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 na diski ya GB 32. Asubuhi naiwasha, nabandika chai, chai inachemka, naimimina, narudi, na kile kiduara bado kinazunguka. Kila siku inaniandikia diski imejaa. Nimefuta picha, nimefuta nyimbo za watoto, bado imejaa. Fundi mmoja wa mjini kaitazama dakika mbili akasema niitupe, ninunue nyingine.

Humo ndani ndimo kuna kila kitu chetu: kurasa za paspoti nilizopiga skani, vibali vya kukaa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na mahesabu yangu ya vitenge. Mtu amenitajia Linux, kwamba ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na ni wa bure. Mimi kompyuta najua kuandika na kuhesabu tu. Je, nitaweza? Na je, sitapoteza vitu vyangu?

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Kamalondo
Jumatatu asubuhi

Dada, pole sana, na usiitupe. Ugonjwa huo naujua kwa sababu yangu ilikuwa hivyohivyo: inchi 11, prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4, diski ya GB 32 iliyochomelewa kwenye bodi, hata kuibadilisha huwezi. Windows 10 peke yake hula sehemu kubwa ya diski hiyo, kisha kila toleo jipya linataka nafasi nyingine ya kujipanga kabla halijaingia. Nafasi haipo, kwa hiyo linajaribu, linashindwa, kesho linajaribu tena. Wewe unafuta picha, lenyewe linajaza pale ulipofuta. Na mega zako zinateketea kwa kupakua kitu kisichoingia.

Jambo la pili ni hili: Microsoft walifunga masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka diski isiyopungua GB 64. Yako ina nusu yake, kwa hiyo njia hiyo imefungwa hata ukiwa na hela ya fundi. Kilichopitwa hapo ni mfumo. Kompyuta yenyewe, kibodi, kioo na betri, bado ni mali.

Mimi niliweka Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, ile yenye sura ya Xfce, ambayo ni nyepesi. Toleo la 22 litapata masasisho hadi mwaka 2029. Wenyewe wanasema inahitaji RAM ya GB 2 kama kiwango cha chini, na 4 ndiyo wanayoishauri. Diski isipungue GB 20. Umo ndani. Yangu ikishawaka, kabla sijafungua kitu, hutumia chini kidogo ya GB 1 ya RAM. Kutoka kubonyeza kitufe hadi kuona skrini yangu ya mwanzo haifiki dakika moja.

Sasa naomba unisikilize kwenye vitu viwili vitatu ambavyo mafundi hawakuambii.

Kwanza, karatasi zako. Usiguse kitu chochote kabla hujanakili paspoti, vibali na vyeti kwenye sehemu mbili tofauti: flashi moja, na diski ya nje au kompyuta ya mtu unayemwamini. Sehemu moja haitoshi. Sisi tuko ugenini; cheti cha mtoto kikipotea hapa, kukipata upya ni safari, ni barua, ni miezi. Ukishanakili, chomeka flashi ile kwenye kompyuta nyingine, fungua faili moja moja uone kweli inafunguka. Nimewahi kumwona dada mmoja akilia mbele ya flashi yenye majina ya faili matupu, kwa sababu aliichomoa kabla haijamaliza kuandika.

Pili, jaribu kabla ya kuoa. Linux ina fadhila hii: unaiandika kwenye flashi ya GB 8 (faili lenyewe ni karibu GB 3, lipakue usiku, au nitafute, ninalo), unaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi, na mfumo mzima unafunguka bila kugusa diski yako. Kuandika flashi, tumia programu ya bure inayoitwa Rufus kwenye Windows. Kumbuka flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye vyeti. Kuwasha, bonyeza F12 au F2 au Esc mara nyingi wakati inaamka. Kila kampuni ina kitufe chake. Ikifunguka, pima: Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Mwanga wa kioo unapanda na kushuka? Kamera? Fungua na faili moja la vitenge. Kaa nayo hata jioni nzima. Kutoka kwenye flashi itakuwa nzito kidogo, hiyo isikutishe. Ukiona kitu hakifanyi kazi, zima, chomoa flashi, na Windows yako iko palepale. Kama Wi-Fi ndiyo inayokataa, unganisha simu kwa waya na uwashe kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itapata mtandao kupitia simu, kisha utaweza kutafuta kiendeshi cha Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoiwezesha kufanya kazi.

Tatu, kibodi. Hapa ndipo nilipoumia. Kompyuta za Lubumbashi karibu zote ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na sisi wengi tumezoea QWERTY ya nyumbani, ule wa Kiingereza. Wakati wa kusakinisha nilichagua Kiingereza kila mahali, nikaandika nenosiri langu nikitazama herufi zilizochorwa kwenye vitufe. Nilibonyeza kitufe cha A, mfumo ukaandika Q. Nilibonyeza M, ukaandika nukta mkato. Kwenye nenosiri unaona vidoti tu, hujui. Baadaye nikarekebisha kibodi kuwa ya Kifaransa, nikazima, nikawasha, na nenosiri likakataliwa. Nilikaa hadi saa 7 usiku nikiamini nimepoteza kila kitu, mpaka nikachukua karatasi, nikachora kibodi mbili moja juu ya nyingine, nikatafuta kila herufi ilikoangukia.

Na zaidi: AZERTY ziko mbili. Ya Ubelgiji na ya Ufaransa hazilingani. Tazama kitufe cha 2 na cha 0. Alama ya @ ikiwa imechorwa kwenye 2, hiyo ni ya Ubelgiji. Ikiwa kwenye 0, ni ya Ufaransa. Angalia pia 6: ya Ufaransa ina kistari, ya Ubelgiji ina alama ya §. Chagua ile ya kweli, kisha kwenye kile kisanduku cha majaribio andika nenosiri lako ulione kwa macho kabla ya kuendelea.

Ukifika kwenye kusakinisha, kwa diski ya GB 32 usijaribu kuweka mifumo miwili pamoja. Haitoshi, utarudi kwenye kilio kilekile. Futa yote, iwe Mint peke yake. Fanya hivyo betri ikiwa imejaa na waya umechomekwa, maana umeme wa mtaani kwetu mnaujua. Ukikatika katikati na betri imekufa, utaanza upya.

Baada ya hapo, Mint itakushauri uwashe Timeshift, inayotunza nakala za mfumo ili urudi nyuma mambo yakiharibika. Ni kitu kizuri kwenye diski kubwa. Kwenye yako itaijaza ndani ya wiki chache, kwa hiyo iache, au ielekeze kwenye diski ya nje. Programu nazo, kukiwa na uchaguzi kati ya Flatpak na kifurushi cha kawaida cha mfumo, chukua cha kawaida. Flatpak hubeba mizigo yake yote, mara moja GB inakwenda. Na weka zram. Hiyo hukunja vitu visivyotumika ndani ya RAM yenyewe badala ya kuvitupa kwenye diski, kwa hiyo RAM ya 4 inakusaidia zaidi na diski haichakai.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote kwa maisha ya hapa: Mint haipakui masasisho bila ruhusa yako. Inakuonyesha kialama kidogo kwamba yapo, inasubiri. Mimi nayachukua Jumapili nikiwa na mega za kutosha. Usiyaache miezi, lakini siku unachagua wewe.

Kutoka: Kaka wa malori, njia ya Kasumbalesa
Jumatatu mchana

Mwalimu ameeleza vizuri, nami niongeze tahadhari. Ofisini kwetu tunatumia programu ya mahesabu ya Windows na nyaraka zetu za forodha zinapitia kwa wakala mwenye Windows. Nilijaribu Linux na programu ile haikufunguka, hata kwa Wine, ile ya kufungulia programu za Windows ndani ya Linux. Ilibidi nirudi. Dada, kama una programu maalumu ya biashara, uliza kwanza.

Pia hati zangu za Word zilifunguka zimepinda, majedwali yamesogea. Mteja aliniuliza kama nimeandika nikiwa ndani ya gari.

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Kamalondo
Jumatatu jioni

Kaka yuko sawa kabisa, na asante kwa kulisema wazi. Mwenye programu maalumu ya Windows asihame kwa kusikia maneno yetu. Abaki, au atafute kompyuta ya pili.

Kuhusu Word: mara nyingi kinachopindisha ni fonti. Calibri na Cambria ni za Microsoft, hazimo kwenye Linux. Sakinisha Carlito na Caladea; herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari inakatika palepale. Majedwali magumu bado yanaweza kusogea. Ndiyo maana mimi nikituma kitu cha kusomwa tu, barua ya shule au ankara, natuma PDF. LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia badala ya Word na Excel, inaitoa kwa kubonyeza mara moja. Excel ya kawaida ya kujumlisha na kutoa, Dada, itafunguka bila shida.

Na wasiojua, jambo hili si geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, zilizotokana na OpenOffice ileile iliyozaa LibreOffice ya leo. Iliwezekana kwa sababu programu huria inakuruhusu kuifungua na kuiandika upya kwa lugha yako bila kupiga magoti kwa mtu. Hata neno Ubuntu, jina la mfumo ambao Mint imejengwa juu yake, ni utu wetu. Waluba wa huku wanasema bumuntu. Ninapowafundisha vijana wangu wa jioni neno hilo kwanza, wanaacha kuiogopa kompyuta.

Kutoka: Mzee wa Katuba
Jumanne

Wanangu, nami ninayo ile ndogo kabisa, ya zamani, RAM ya GB 1, imeandikwa Atom N270. Mjukuu anaitaka ya kujifunzia kuchapa. Hiyo Mint itaingia?

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Kamalondo
Jumanne

Shikamoo Mzee. Mint ya leo haitaingia, kwa sababu N270 ni prosesa ya zamani ya biti 32 na Mint 22 ni ya prosesa za biti 64 tu. Hata Debian, aina nyingine ya Linux, toleo la 13 la Agosti 2025, halina tena kisakinishi cha biti 32. Kwa hiyo chukua antiX 23, nayo ni Linux, iliyojengwa juu ya Debian 12. Ina toleo la biti 32 na ni nyepesi mno. Kuchapa, kusoma PDF, kusikiliza redio iliyohifadhiwa, mjukuu atafurahi. Intaneti ya leo itaielemea, kurasa zimekuwa nzito kuliko RAM yake. Nisikudanganye hapo.

Kutoka: Mama wa Bel-Air
Jumapili iliyofuata

Ndugu zangu, nimerudi na habari.

Vyeti nilivinakili kwenye flashi mbili, moja iko kwa shemeji. Nilikaa na ile ya majaribio siku mbili nzima. Wi-Fi ilishika yenyewe, sauti ilitoka, kamera ilinionyesha mwangaza wa taa tu hadi nilipogundua nimeibandika karatasi mwaka jana. Kibodi nikatazama: @ iko kwenye 2. Ubelgiji. Nikachagua Ubelgiji, nikaandika nenosiri kwenye kisanduku, nikaliona lote kwa macho, nikaendelea. Ilimaliza kama nusu saa.

Sasa naiwasha na sina hata muda wa kutafuta kibiriti. Mahesabu ya vitenge yamefunguka yote, isipokuwa safu moja ya tarehe ilikuwa imegeuza mwezi na siku, nikairekebisha. Video za watoto bado zinakwama wakiweka picha kubwa. Wakishusha ubora wa video hadi 480 zinakwenda.

Jirani yangu Mkongo alikuja kuomba nimchapie barua. Akasimama mlangoni, akaitazama ikiwaka, akaniuliza, "Mama, hii ordinatère njo ile ile?" Nikamwambia ndiyo, ni ileile. Naye anayo ya kwake kabatini, ameniomba nimsaidie.

Mwalimu, ile flashi yako bado ninayo. Nikuletee, au nimpe jirani kwanza?

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Kamalondo
Jumapili usiku

Mpe jirani. Mwambie tu aanze na karatasi zake, sehemu mbili. Kisha mtazame wote kitufe cha 2.