Mrejesho: usukani wa haidroliki (unaosukumwa kwa oili) uliolegea, Lamu

Assalaam aleikum wakuu. Ni mimi niliyeuliza kuhusu boti yangu ya abiria ya Mokowe–Lamu: nazungusha usukani karibu mzunguko mzima ndipo mashine igeuke.

Nilianza na kutoa hewa iliyoingia kwenye oili ya usukani. Kijana wangu alikata usukani wote kushoto, nami nikalegeza nati ya silinda inayosukuma mashine, kipaipu kikiwa ndani ya chupa. Mapovu yalitoka mengi, kisha oili safi. Tukarudia kulia, huku tukijaza oili kwenye pampu kila mara, maana ikikauka inavuta hewa upya. Usukani ukakaza!

Siku 2 tu, ukalegea tena. Yule kati yenu aliyesema nipanguse fimbo ya silinda kwa tishu ndiye aliyepatia. Tishu ilirudi imelowa oili: sili ya kulia, yaani mpira wa kuzuia oili, ilikuwa imechanika. Nimeweka mpya, wiki ya 3 sasa haivuji. Ila fimbo ina vishimo vya chumvi, vinakwaruza ukucha, na naona vitaila hata hii. Nimeagiza silinda nzima Mombasa.

Oili ya breki sikutia, inaharibu mipira.

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Nabeba watoto wa watu, nilikuwa silali.