Naomba ushauri: begi gumu au laini kwa rubani anayelala nje ya nyumbani?

Kipanga Mdogo (mleta mada)
Wakuu, salaam. Huu ni mwezi wa nane niko kazini, nimehamishiwa Arusha. Nikitoka nyumbani nalala nje usiku tano, mara nyingine sita. Begi nililonalo ni lile la chuo, zipu imeachia, nalifunga kwa kamba kama gunia la mkaa na wenzangu wananicheka. Nimeliona moja dukani, gumu, jeusi, inchi 28, magurudumu manne, ukilisukuma kwa kidole linatangulia lenyewe. Kati ya gumu na laini lipi linadumu? Bajeti laki mbili na nusu. Kejeli kaeni nazo, nina msongo wa mawazo tayari.

Mzee wa Mtumba
Laki mbili na nusu kwa begi? Mwaka 2011 nilichukua begi la Mjerumani pale Mbauda kwa elfu thelathini. Ndani nikakuta soksi moja na ufunguo. Nimesafiri nalo Tabora, Mpanda, hadi Bujumbura, na mwanangu kaenda nalo kidato cha tano. Ufunguo bado ninao, sijui unafungua mlango wa nani huko.

Mwalimu Daraja la Kwanza
Rubani mzima anaulizia begi mtandaoni. Sisi tunaofundisha tulio chini huku tunabeba madaftari kwenye mfuko wa salfeti na hatufungui uzi.

Duka la Mabegi
Begi zote zipo, gumu na laini, seti ya matatu bei ya maelewano. Njoo PM.

Msoma Vyote
Wengi hawajui kwamba begi la kusimama lenye mpini wa kuvuta lilibuniwa na rubani. Anaitwa Robert Plath, alikuwa akirusha Boeing 747 za shirika la ndege la Northwest kule Marekani, na mwaka 1987 akatengeneza lake. Wakaanza kulinunua marubani na wahudumu wenzake, abiria wakaliona likikokotwa viwanjani, wakalitaka na wao.

Kipanga Mdogo
Asante mkuu, ila swali langu hujalijibu.

Msoma Vyote
Sikuja kujibu, nimekuja kuongezea.

Dada Anga
Mdogo wangu, nimehudumu kwenye ndege miaka tisa kabla sijaolewa. Kabla ya begi, niambie unarusha ndege gani.

Kipanga Mdogo
Ya abiria dada, ya kawaida tu.

Dada Anga
Ya kawaida haipo. Ina sehemu ya mizigo ya kupakia kwa mashine, au mizigo anapakia nani?

Kipanga Mdogo
Napakia mimi.

Fundi Hanga
Hahaha! Basi ni Caravan, kale kandege kadogo ka injini moja. Sema tu kijana.

Kipanga Mdogo
Ndiyo, Caravan. Nawapeleka watalii Serengeti, nalala huko huko. Sikuona kama inahusiana na ubora wa begi.

Fundi Hanga
Inahusiana kuliko vyote. Mizigo ya Caravan inaingia kwenye podi chini ya tumbo la ndege, mlango wake si wa kabati. Begi laini unalikandamiza, linaingia kwenye pengo lililobaki kati ya mengine. Gumu halikandamiziki, linakula nafasi ya mawili. Na ndiyo maana watalii wanaambiwa kilo 15 na begi laini. Sasa fikiria Mzungu aliyeacha begi lake gumu hotelini Arusha kwa kutii sheria, anashuka kiwanja cha Seronera, huko huko Serengeti, anamuona rubani anatoa la inchi 28. Halafu magurudumu manne utayasukumia wapi, kwenye changarawe? Utalibeba kichwani.

Mama Wawili
Na jeusi! Serengeti kuna mbung'o, na rangi nyeusi na bluu ndizo wanazofuata. Shemeji yangu ni dereva wa utalii, hata shuka la bluu hapakii garini.

Kipanga Mdogo
Nimewaelewa, lakini podi mara nyingi haijai. Na gumu linalinda vitu visivunjike. Tusibishane sana, kianzio nimeshalipa, elfu hamsini.

Dada Anga
Kumbe! Umekuja kuombewa dua, siyo ushauri. Haya, visivunjike vitu gani? Shati nyeupe nne, suruali mbili, ndala, mswaki. Hedseti huiweki chini, unapanda nayo. Nini kinachovunjika?

*(saa tano baadaye)*

Mwalimu Daraja la Kwanza
Mleta mada kaingia mitini.

Kipanga Mdogo
Nilikuwa kazini. Iko hivi. Wafanyakazi wa kambini wanakaa porini miezi miwili mitatu hawajaona duka. Mmoja aliniomba dawa ya pumu ya mama yake, nikampelekea. Mwingine viatu vya shule vya mtoto, aje navyo likizo. Sasa hivi nina orodha. Redio, chaja, mafuta ya nywele, simu. Wananipa hela ya soda, elfu tano kwa kifurushi. Sio biashara, ni kusaidiana.

Mzee wa Mtumba
Hapo sasa! Kijana ana utu. Enzi zetu dereva wa basi alikuwa anabeba barua, kuku na mahari, na hakuna aliyeuliza.

Fundi Hanga
Basi halianguki kwa kilo ishirini, mzee. Kijana, kwenye karatasi ya uzani begi lako umeliandika kilo ngapi?

Kipanga Mdogo
Kilo kumi.

Fundi Hanga
Na lina ngapi?

Kipanga Mdogo
Sijalipima. Lakini Caravan ina nguvu, mnakuza mambo.

Fundi Hanga
Caravan aina ya 208B ya kawaida haitakiwi kuruka ikizidi kilo 3,969, na wewe ndiwe unayesaini kwamba haijazidi. Injini ni moja. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, Seronera juu zaidi, na saa saba mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Nguvu unayoisema ipo kwenye kitabu cha ndege, kwa uzito ulioandikwa. Usioandikwa hakuna anayekupigia hesabu.

Mama Wawili
Mimi nauliza kitu kingine. Wakati wa kurudi mjini, begi linakuja tupu?

Kipanga Mdogo
Hapana, wananipa vya kupeleka kwao. Asali, nguo, vifurushi vidogo vidogo.

Mama Wawili
Unavifungua?

Kipanga Mdogo
Kufungua mzigo wa mtu ni kumkosea heshima.

Mama Wawili
Mungu wangu. Kifurushi kilichofungwa kutoka ndani ya hifadhi, hujui kama ni asali au kimoro, nyama kavu, cha swala. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haitauliza kama ulikuwa unaheshimu watu. Aliyeshika begi ndiye mwenye nyamapori.

Chai ya Rangi
Wakuu, mnakunywa chai bila kuuliza sukari imetoka wapi. Rubani asiyejua uzito wa begi lake? Rubani anayelipia kianzio cha begi? Huyu ni kijana wa duka la mabegi, na kwenye ukurasa huu huu duka limeshajitangaza. Kipanga, kama wewe ni rubani, herufi nne ambazo marubani wanautambulisha nazo uwanja wa Arusha ni zipi?

Duka la Mabegi
Mimi simjui huyo. Na sina inchi 28 nyeusi, zimeisha.

Kipanga Mdogo
HTAR. Kilimanjaro ni HTKJ, Dar HTDA, Zanzibar HTZA. Umeridhika?

Chai ya Rangi
Hizo hata mpwa wangu anazipata kwenye simu. Nipe kitu ambacho hakiko kwenye simu.

Kipanga Mdogo
Mimi navaa miwani. Cheti changu cha afya kimeandikwa hivyo, na miwani ya akiba lazima niwe nayo karibu kila ninaporuka. Mwezi wa pili niliisahau kwenye begi, begi likiwa chini kwenye podi, nikakumbuka tukiwa juu ya Manyara. Dakika arobaini nilikuwa nashika iliyo usoni kila tukipigwa na upepo, abiria wakadhani najikuna. Toka siku hiyo inakaa mfuko wa shati.

Chai ya Rangi
Chai yenye tangawizi hii. Naendelea kunywa.

Dada Anga
Mwacheni. Awe rubani, awe muuza mabegi, ushauri utamsaidia anayepita. Kipanga, chukua laini, la turubai, rangi ya udongo, lisilo na fremu. Hilo gumu likiwa tupu tu linakula kilo nne za uzito unaoruhusiwa. Leseni, cheti cha afya na kadi ya homa ya manjano vikae kwenye begi la mgongoni lisilotoka machoni pako, pamoja na hedseti na iPad. Pawabanki haishuki kwenye podi kamwe, inapanda nawe, na isizidi wati-saa 100. Ya mAh 20,000 iko kwenye 74, hiyo haina neno. Shati usikunje, viringisha na fulana katikati. Mistari ya mabegani itie kwenye kikopo cha sabuni, isipinde. Sweta lazima, alfajiri ya Julai huko inauma mifupa. Dawa ya pumu mpelekee yule mama, iandike kwenye karatasi na uzito wake. Simu za watu rudisha.

Mwalimu Daraja la Kwanza
Na elfu tano tano zao?

Dada Anga
Mwalimu, na wewe!

Kipanga Mdogo
Mrejesho. Nimelipeleka begi la zamani, na mizigo ya wiki hii ndani yake, kwa jirani yangu muuza nyama. Mzani umesoma kilo 23 na nusu. Nimekaa kwenye benchi lake kama dakika kumi. Kianzio mwenye duka amekataa kurudisha, amesema nichague kingine cha bei hiyo hiyo.

Fundi Hanga
Kilo 23 na umeandika kumi. Kesho unaruka?

Kipanga Mdogo
Keshokutwa.

Mzee wa Mtumba
Mzani wa buchani huo kijana, toa robo. Hawa watu mizani yao inazidisha.

Mama Wawili
Mzani wa muuza nyama wangu hapa Sakina hauzidishi, ila mfupa anauongeza mwenyewe.

Chai ya Rangi
Weka picha ya mzani.