Ndege ya Jumamosi: leteni kilo zenu

*Dada Rehema:* Salaam familia. Kiwanja hadi kiwanja ni km 410, mstari ulionyooka. Ndege ni Caravan, ndogo ya injini moja, inakwenda km 300 hivi kwa saa. Naomba kilo za kila mtu leo, mwili na mzigo.

*Kaka Musa:* 410 gawa kwa 300. Saa 1 na dakika 22, hata usingizi haujakolea 😂

*Dada Rehema:* Hiyo ni hesabu ya hewa tulivu. Kwenda tunakutana na upepo wa km 40 kwa saa, tunabaki na 260. Inakuwa saa 1 na dakika 35 angani, na dakika 15 za kutembea uwanjani, kupanda na kujipanga kutua. Wekeni saa 1 na dakika 50. Kurudi upepo unatusukuma, dakika 72 angani zinatosha. KILO JAMANI.

*Zuhura:* Scotland kuna ndege ya Westray kwenda Papa Westray, km 2.7 hivi, haifikishi dakika 2. Tukodi hiyo.

*Kaka Musa:* Hapo ukifunga mkanda unaambiwa fungua 😂😂

*Dada Rehema:* Zuhura, kilo.

*Shangazi Mwana:* Mifuko laini tu safari hii. Sanduku gumu halipindiki kuingia kwenye buti chini ya tumbo la ndege. Mwenye sanduku lake la mara ile anajijua.

*Kaka Musa:* Shangazi, hilo si lilishaisha?

*Shangazi Mwana:* Liliisha kwako.

*Babu:* Rehema, mafuta umehesabu?

*Dada Rehema:* Shikamoo Babu. Bado.

*Babu:* Marahaba. Kule hakuna mafuta. Rubani atabeba ya kwenda, ya kurudi na ya akiba. Injini ile inakunywa lita 200 hivi kwa saa, lita moja gramu 800. Ya kurudi peke yake kilo 190. Hao ni watu wawili na mizigo yao. Mimi nitabaki.

*Zuhura:* Babu 😢

*Dada Rehema:* Hapana Babu, kuna kiwanja cha katikati chenye mafuta. Wakati wa kurudi tunatua, tunajaza, tunaondoka. Ni dakika 40 zaidi.

*Babu:* Bado utabeba ya kukufikisha hapo, na akiba. Na mnaondoka saa ngapi?

*Dada Rehema:* Saa 8 mchana.

*Babu:* Saa hiyo joto limepanda, hewa nyepesi, ndege inataka njia ndefu ya kurukia na ile ni fupi. Mkichelewa kule, kurudi mtakuta giza, na hakuna taa. Ondokeni saa 1 asubuhi.

*Kaka Musa:* Tiketi itaandikwa 07:00. Zuhura, usije saa 7 mchana 😂

*Dada Rehema:* Nitamuuliza rubani kuhusu asubuhi. Babu, jina lako silifuti. Wengine kilo zenu, nina watatu tu.

*Mama Mdogo:* 68. Na mkoba.