Mzee mwenye VVU anaishi peke yake: tumsaidieje?

Swali: Ana miaka 68, ana VVU, presha na kisukari. Hataki majirani wajue. Tuanzie wapi?

Jibu la 1: Muulizeni yeye nani ajue. Achague msaidizi mmoja wa matibabu anayemwamini. Wengine wachote maji na kupika, kazi hizo hazihitaji kujua ugonjwa. Ndugu wakitangaza, hata kwa nia njema, mzee huacha kliniki kwa aibu. Tafadhali sana, mlindeni hapo.

Jibu la 2: Dawa zote zipelekwe kliniki kwenye mfuko mmoja, hata za kiungulia. Dolutegravir, dawa ya VVU, ikimezwa pamoja na dawa ya kiungulia yenye magnesi au alumini hainyonywi vizuri. Dolutegravir imezwe muda wa saa 2 kabla ya dawa hiyo ya kiungulia au saa 6 baada yake. Pia dolutegravir huongeza kiwango cha metformin, dawa ya kisukari, kwenye damu, kwa hiyo daktari apime dozi. Tumieni kisanduku chenye vyumba 7: kidonge kilichobaki kinaonyesha siku aliyoruka.

Jibu la 3: Ombeni kliniki zote ziwe siku moja. Akianza kusahau dozi msiseme ni uzee tu. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa ya muda mrefu, nayo husahaulisha, na inatibika.