Kamati za sherehe Dodoma, acheni kugawa miche kiangazi mkiita zawadi ya kutunza mazingira

Wakuu,

Hili jambo sasa halivumiliki. Kila send-off, kila mahafali ya Septemba na Oktoba hapa Dodoma, wageni wanaondoka na mche mkononi, MC anatangaza kwamba wenye shughuli wanatunza mazingira, ukumbi unapiga vigelegele. Wiki 3 baadaye mche ni kijiti, na kilichobaki ardhini ni nailoni. Mtu wa kitalu ameukuza kwa miezi, kwa maji ya kununua, ili ukafe namna hiyo!

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua. Zinaanza Desemba, mwaka mzuri mwishoni mwa Novemba, zinakatika Aprili. Jumla ni kama milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka. Mche wa Agosti una miezi 4 ya jua na upepo mkavu mbele yake. Kati ya wageni 300, wangapi wana maji ya kuufikisha Desemba? Na visima vingi huku ni vya chumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo kuzunguka shina, ujue mizizi inaumia.

Halafu aina. Nani aliwashauri parachichi? Mti huo unataka ubaridi wa Njombe na Rungwe na mvua inayopita milimita 1,000. Toeni mwarobaini, mkwaju, mkomamanga. Mpera ni kwa mwenye maji ya uhakika.

Kinachoudhi kuliko vyote ni mapambo. Kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliootesha mche, kinavishwa nailoni ya kung'aa, majani yanapuliziwa rangi ya dhahabu. Jani linapumua kwa vitundu vidogo sana, na rangi inaviziba. Ile nailoni ndani ya gari lililoachwa juani ni tanuri, majani yanababuka kabla mgeni hajafika kwake. Mkitaka mche upendeze, zungushieni kiriba kipande cha kitenge au gunia la katani, mfunge kwa ukili. Hata karatasi za zawadi zipimeni: ikunje kwenye ngumi, iachie. Ikifunguka yenyewe, ina plastiki.

Wenye vitalu nanyi mnahusika. Mnauza miche iliyozeeka kwenye viriba, mizizi imejiviringa chini kama kamba, au imetoboa kiriba ikaingia ardhini na mnaikata siku ya kupakia. Mnunuzi, inua kiriba utazame chini yake. Ukikuta mzizi mnene umekatwa, rudisha. Na uliza kama mche umezoezwa jua na kupunguziwa maji japo wiki 2. Uliotoka kivulini moja kwa moja hauhimili jua la hapa.

Mbona njia ipo? Siku ya sherehe mpe mgeni kadi ya karatasi ya kawaida, lipeni kitalu, mche uchukuliwe Desemba baada ya mvua kulowesha ardhi vizuri. Nyuma ya kadi andikeni maelekezo haya: shimo la sentimita 60 kila upande, lichimbwe mapema, udongo wa juu uwekwe kando, uchanganywe na ndoo 1 ya lita 20 ya samadi iliyooza (mbichi inaunguza mizizi), kiriba kichanwe kwa wembe na kuondolewa CHOTE, matandazo ya nyasi yakae sentimita 10 mbali na shina, maana mchwa wa huku hawana huruma, mwisho boma la miiba, la sivyo mbuzi watamaliza kazi.

Mkitaka mgeni abebe kitu siku hiyohiyo, mpeni mtungi wa udongo wa lita 5 usiopakwa rangi. Unazikwa kando ya mche hadi shingoni, unajazwa maji na kufunikwa, nayo yanavuja taratibu kwenye mizizi. Ni bora kuliko kikombe cha maji kila jioni, ambacho kinalowesha juu tu.

Na msihamie kwenye vipakiti vya mbegu bila kujua. Mbegu ya mwarobaini hupoteza uotaji ndani ya wiki chache. Ya ubuyu inakaa muda mrefu, ila ganda ni gumu: imwagiwe maji ya moto, ilowe saa 24 ndipo ipandwe.

Kamati yenye shughuli kabla ya Desemba, andikeni hapa chini aina ya mche na tarehe yenu kabla hamjalipa. Tutawaambia wazi kama utapona.